Jumapili Tatu za Kuchagua Godoro

"Hapana. Hili linanizamisha," alisema Eloy, macho kayafumba, mikono kaikunja kifuani.

"Mi naliona zuri," alijibu Honorina, aliyekuwa amelala ubavuni pake. "Ila kweli, kiuno chako kitalia. Hebu geukia ukutani kidogo. Ehee. Hapo je?"

"Hapo afadhali."

"Si nilikwambia? Wewe ukilala chali, kabla hakujakucha umeshaanza kulalamika."

Zenaida alikuwa amesimama miguuni pa godoro hilo. Mkono wa kulia kashika mkoba wa Honorina, wa kushoto kashika viatu vya Honorina, na kofia ya Eloy kaibana kwapani. Sasa kaa vizuri nikwambie: bibi harusi alikuwa ni yeye, huyo aliyeshika viatu.

Usishangae mapema. Kijijini San Melchor kila kitu cha harusi kina mdhamini wake. Kuna mdhamini wa pete, wa keki, wa viatu vya bibi harusi, wa bendi, na mdhamini anayekubali huwa si mfadhili tu. Anageuka mzazi mbele za Mungu. Unambusu mkono ukikutana naye njiani, na mtu akithubutu kumtamani mdhamini wake, ni sawa na kumtamani mama aliyemzaa. Kwa hiyo Honorina, mwenye duka la vitambaa, ambaye mumewe Librado alikuwa na mwaka wa kumi na moja kule Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, akiosha vyombo vya watu, alipojitolea kuwa mdhamini wa godoro, mama yake Zenaida alilia kwa furaha. Na Honorina aliposema kwamba bibi harusi halalii godoro lake kabla halijachezwa na bendi siku ya zawadi, ni mkosi, watalala wengine wamjaribishie, Zenaida aliitikia, "Sawa, mama."

Ndiyo maana kila Jumapili, siku ya gulio la Tlacolula, watatu hao walikuwa wanaingia duka la magodoro pale nyuma ya soko. Wawili wanalala, mmoja anashika viatu.

"Binti, usiegemee hapo," alisema muuzaji, mzee mmoja mjane mwenye tai fupi, jina lake Wilebaldo. "Hilo bado liko kwenye nailoni."

"Samahani."

Zenaida alisogea. Lakini alipoona hakuna anayemtazama, alinyoosha kidole akabonyeza pembe ya godoro jingine. Likabonyea, likarudi taratibu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na hajawahi kulala kwenye godoro lililo lake. Alizaliwa kwenye mkeka, akakulia kwenye mkeka, mchana anafuma mazulia ya kutandikwa kwenye majumba ya watu asiowajua, na usiku anarudi kwenye mkeka, yeye na mama yake, mgongo kwa mgongo. Hakuota gari wala nyumba ya ghorofa. Alitaka kitanda kimoja, na ndani yake mwanaume mmoja aliye wake.

"We! Mkono huo!" Honorina alipiga kelele kutoka kitandani.

"Nimegusa tu, mama."

"Kugusa ndiko kunakozaa kulala. Nishikie viatu vizuri, vinaburuza kamba."

Eloy akacheka. Honorina naye akacheka. Zenaida akacheka pia, maana nani anataka kuonekana mnunaji siku chache kabla ya harusi yake?

*

Jumapili ya kwanza hawakupata. La sponji lilikuwa na joto. La springi lilikuwa gumu. Jumapili ya pili walijaribu saba. Kwenye la tano Honorina alikaa, akajirusharusha mara tatu, akakunja uso.

"Hili linapiga kelele. Ukuta mwembamba ule, majirani watasikia kila kitu."

"Nyumba yetu haijapakana na mtu, mama," Zenaida alisema. "Upande ule ni shamba la mahindi."

Eloy alianza kukohoa.

"Leo ni mahindi," Honorina alijibu bila kumtazama. "Kesho watajenga. Mtu mwenye akili hununua kitu akifikiria kesho. Au nimekosea, Eloy?"

"Hujakosea, mama."

"Basi mwambie mwenzako asiwe na haraka. Godoro si nyanya."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Zenaida alikuwa ameyafumba kwa heshima. Njiani kurudi, ndani ya pikipiki ya magurudumu matatu, Honorina na Eloy walikaa mbele, yeye akakaa nyuma na kapu la mikate.

"Eloy," alimwita walipofika. "Ungekubali tu lile la mstari wa buluu. Mimi mwenyewe nitalala popote."

"Mpenzi, mimi ni seremala. Mgongo ndio shamba langu. Nikilala vibaya tutakula nini?"

"Ni kweli."

"Halafu anayechagua ni mdhamini. Unataka nimvunjie heshima mtu anayetupa zawadi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi tulia. Tumesubiri miaka minne, wiki moja itakuua?"

Hiyo miaka minne aliyoitaja kirahisi ni yeye aliyeisogeza. Mara shughuli za mtakatifu wa kijiji, mara mbao zimepanda, mara mgongo.

Jumapili ya tatu likapatikana. Honorina na Eloy walilala juu yake kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha wakageuka kwa pamoja, upande mmoja, kama watu waliozoea. Honorina akasema, "Ni hili." Eloy akasema, "Ni hili." Wilebaldo akafungua daftari.

"Namba ya simu ya kupigia likifika kutoka mjini?"

"Andika ya huyu binti," Honorina alisema, akivaa viatu. "Yangu inagomagoma dukani."

Zenaida akaitaja namba yake, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu mwenye furaha.

*

Alhamisi mchana simu iliita. Zenaida alikuwa kwenye mtambo wake wa kufumia, nyuzi nyekundu zimemjaa vidole. Aliibana simu kati ya sikio na bega.

"Haloo, ni yule binti wa mama Honorina?"

Kwa mila alikuwa binti yake. "Ndiyo, ni mimi."

"Wilebaldo hapa, wa magodoro. Mwambie bosi wako yamefika yote mawili."

"Mawili?"

"Eh, mawili. Lile la Jumapili, na lile waliloongeza juzi Jumanne, yeye na mumewe."

Zenaida aliacha kufuma. "Mumewe yupi?"

"Yule bwana mwembamba wa mgongo! Aisee, wale watu wanapendana. Wananikumbusha mimi na marehemu mke wangu. Jumanne walilala pale karibu saa nzima, nikajua wamesinzia. Kumbe wanapima. Bwana akasema anataka yafanane kabisa, sponji hiyo hiyo, urefu huo huo, eti akihama huku na kule mgongo wake usijue tofauti. Nikacheka sana."

"Na... yapelekwe wapi?"

"Hapo ndipo nataka kuhakikisha. Namba niliyo nayo kwenye daftari ndiyo hii, nikaona nikuulize wewe. Moja linakwenda nyumba ya fundi Eloy. La pili chumba cha nyuma ya duka la vitambaa, gari lipite uchochoroni, saa za mchana watu wakiwa wamejipumzisha. Ndivyo walivyosema?"

"Mzee Wilebaldo."

"Naam."

"Mimi unadhani ni nani?"

"Wewe? Si mfanyakazi wao wa ndani? Samahani, binti, sina nia mbaya. Kila Jumapili nakuona umesimama na viatu vya watu, nikawa nakuonea huruma. Nikasema rohoni, hawa matajiri hata kiti hawampi."

Zenaida alijibu kwamba atapiga baadaye, akakata. Unajua kilichomuuma kwanza? Si Eloy wala Honorina. Ni kwamba mzee wa watu, mgeni kabisa, alikuwa ametazama Jumapili tatu na kuona kila mtu alivyo. Mke, mume na mtumishi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alimfuata mama yake, Rufina, aliyekuwa uani akichambua pilipili kavu za harusi.

"Mama, kuna mila inayomkataza bibi harusi kulalia godoro kabla halijachezwa?"

"Godoro? Mimi niliolewa na mkeka, mwanangu, naujulia wapi mkosi wa godoro?"

"Lakini umewahi kusikia?"

"Nani kakwambia?"

"Mama Honorina."

"Honorina kazaliwa mtaa huu huu, nimembeba mgongoni. Hiyo mila kaitoa wapi, dukani kwake inauzwa kwa mita?" Rufina alicheka, kisha akamwona uso, akaacha kucheka. "Kuna nini?"

Zenaida akamwambia yote. Rufina alipiga ishara ya msalaba, mkono wenye pilipili, ukamwasha puani na machozi yakamtoka hata kabla hajalia.

"Mdhamini wake!" alinong'ona. "Mwanamke anayembusu mkono!"

"Angebusu mkono tu ingekuwa heri, mama."

"Nyamaza. Nyamaza kabisa. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi iishie hapo. Bata mzinga arobaini wamefungwa miguu uani kwa kina Eloy. Watu mia tatu wamealikwa. Ukishaolewa utamtuliza. Wanaume wote wana ka-uchafu mahali."

"Mama!"

"Mama nini? Una miaka thelathini na miwili, Zenaida. Macho yako yameanza kuchoka kwa kufuma. Huyu ukimwacha, nani atakuja? Niambie jina moja. Moja tu."

Zenaida hakuwa na jina. Hilo ndilo lililokuwa kali kuliko pilipili. Mama yake hakuwa anamtukana, alikuwa anahesabu vijana waliobaki kijijini, na kweli hawakuwepo, wote wamevuka kwenda Kaskazini.

Jioni ile alikaa na simu mkononi, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akatuma:

"Eloy, godoro letu ni moja?"

Jibu lilikuja haraka. "Swali gani hilo mpenzi wangu? Godoro moja, kitanda kimoja, maisha mamoja. Au umeanza woga wa bibi harusi?"

Akaandika tena: "Kama kuna jambo niambie leo. Leo nitasikiliza."

Safari hii alisubiri. Nukta tatu zilicheza kwenye kioo, zikapotea, zikarudi. Kisha: "Jambo ni moja, nakupenda. Mama Honorina anakusalimia, anasema lala mapema usije ukavimba macho siku ya picha."

Anakusalimia. Kwa maana nyingine walikuwa pamoja wakati ule ule, wakimsoma.

Zenaida alifungua namba ya Wilebaldo, akapiga. "Mzee, magodoro yote mawili yaletwe San Melchor, uwanja wa kina fundi Eloy, Jumamosi saa nne asubuhi. Karatasi ya kila moja iachwe juu yake kama ilivyo, majina na mahali linapokwenda."

"Sawa binti. Bosi amekubali?"

"Bosi nimeshamwambia."

*

Jumamosi ndiyo siku ya kucheza zawadi, Jumapili kanisani. Zawadi za San Melchor hazipelekwi kimyakimya. Kabati linabebwa na wanaume wanne wanaocheza nalo, jiko linachezwa, ndoo na masufuria yanachezwa, bendi ya matarumbeta mbele, na hakuna kitu kinachoguswa kabla msemaji wa harusi hajakitaja: kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani. Kikishatajwa, kinachezwa mpaka mlangoni pa mpokeaji, hata kama mlango wenyewe uko ng'ambo ya mto.

Msemaji alikuwa mzee Abundio, mtu wa miwani mizito na sauti ya mhubiri. Pembeni yake mpiga picha alishika simu kwenye kijiti, akirusha sherehe moja kwa moja ili walioko Kaskazini nao waone. Librado alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameshaandika mara mbili, "Hongereni sana wanangu."

Honorina alifika amevaa blauzi ya darizi ya maua makubwa, pombe ya mezkali kidogo ishapita kooni, mashavu yanang'aa. Zenaida akaenda akapiga goti, akambusu mkono.

"Umelala?" Honorina aliuliza.

"Nimelala, mama. Nimeota godoro."

"Maskini. Kesho utalionja."

Gari la magodoro likaingia saa nne kamili. Vijana wakashusha la kwanza. Mzee Abundio akasoma karatasi: kutoka kwa mama Honorina, kwenda nyumba ya fundi Eloy. Watu wakashangilia, bendi ikapiga, wanaume sita wakaliinua vichwani na kulizungusha uwanjani hadi ndani ya nyumba, Honorina mbele akitingisha mabega.

Alipotoka ndani, akakuta la pili limeshushwa. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo Zenaida atakumbuka maisha yake yote.

"Hilo halimo!" Honorina alisema. "Hilo rudisheni garini. Ni makosa ya dukani."

Lakini mzee Abundio alikuwa ameshasogeza karatasi kwenye miwani. "Kutoka kwa mama Honorina. Kwenda..." Akasoma tena moyoni, midomo ikicheza. Akamtazama Zenaida.

"Soma, mzee," Zenaida alisema. "Wewe unasoma tu."

"Kwenda kwa mama Honorina na mumewe, bwana Eloy. Chumba cha nyuma ya duka la vitambaa. Lipitishwe uchochoroni."

Mpiga tarumbeta kubwa alicheka peke yake, kisha akajutia.

"Zenaida," Eloy alikuja mbio, shati limeshalowa. "Mpenzi, njoo tuongee pembeni."

"Mambo ya pembeni ndiyo yaliyotufikisha hapa."

"Muuzaji kachanganya majina!"

"Kama kachanganya, chumba kitatuambia. Mzee Abundio, zawadi ikishasomwa mila inasemaje?"

Mzee alikunja karatasi. Alikuwa mtu wa mila, na mila haikumwachia pa kukimbilia. "Ikishasomwa inachezwa mpaka mlangoni pa mwenyewe."

"Basi pigeni."

Bendi walitazamana. Zenaida aliingia mbele, akashika ncha za sketi yake, akaanza kucheza peke yake, pole pole, mguu kwa mguu. Ngoma ikamfuata, kisha matarumbeta, kisha godoro vichwani mwa watu sita, kisha San Melchor nzima. Hakuna aliyebaki nyuma, hata wapishi waliacha masufuria. Utamu wa fedheha ya mwenzio, wewe mwenyewe unaujua.

Mlango wa nyuma wa duka ulikuwa na kufuli. Honorina alijibandika mbele yake.

"Sifungui. Hapa ni kwangu."

"Fungua, mama. Godoro ni zito, watu wanachoka."

"Hivi wewe unajiona nani?" Honorina alilipuka. "Mfuma mazulia, unanuka sufu! Ulikuwa unalala chini kama kuku. Nimekuchukua, nimekuchagulia, nimekupa mume anayejua kulala kitandani. Ungepata wapi mwingine?"

Wanawake waliguna. Rufina, aliyekuwa nyuma ya umati, aliinamisha kichwa, maana hayo maneno ya mwisho yalikuwa yake pia.

"Kwa hiyo ulinipa," Zenaida alisema. "Asante kwa kukiri mbele za watu."

Hapo ndipo sauti ilipotoka kwenye simu ya mpiga picha. Ilikuwa ya Librado, aliyekuwa amejiunga hewani, nyembamba, ya mbali, inakatikakatika, na kila mtu aliitambua.

"Fungua, Honorina. Hilo duka nililijenga mimi."

Honorina aliitazama ile simu kama mtu anayetazamwa kupitia dirisha akiwa hana nguo. Ufunguo ulimwanguka mara mbili kabla kufuli halijafunguka.

Chumba kilikuwa safi, kimefagiliwa vizuri. Katikati palikuwa na kitanda kitupu kinachosubiri godoro, mbao za mwerezi, ubao wa kichwani umechongwa maua manne na ndege wawili. Zenaida aliwajua wale ndege. Eloy aliwachonga kwenye kitanda chao miezi miwili mfululizo, na yeye Zenaida ndiye aliyekuwa akimpelekea chai na mkate wakati anachonga. Kumbe alikuwa anachonga pea ya vitanda. Ukutani shati la kazi la Eloy lilining'inia, lile alilosema limeibwa kwenye kamba.

Akashika fremu ya mlango. Aliumia, tena sana, na hakuwa na pa kuyaficha maumivu hayo kwa sababu kamera ilikuwa usoni.

Wabebaji wakaweka godoro chini. Mzee Abundio akavua kofia. Hakuwa na furaha, lakini zawadi haiachwi mlangoni bila mwenyewe kutamka.

"Zawadi imefika," alisema. "Nani anaipokea?"

Wabebaji walijifuta jasho.

"Nani anaipokea?"

Eloy alitazama Honorina. Alitazama Zenaida. Alitazama simu. Halafu akachagua, yeye ambaye Jumapili tatu alishindwa kuchagua.

"Jamani, mimi nimelazimishwa," alisema. "Huyu mama ndiye aliyenifuata. Ananipa kazi za mbao, ningekataaje? Mtazameni wenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini, ngozi imeshalegea. Mimi ningemtakia nini?"

Baadhi ya vijana walicheka. Zenaida alitegemea kwamba angefurahi kusikia hivyo. Hakufurahi. Alimwona Honorina anavyopokea yale maneno, moja baada ya jingine, na akaelewa kuwa yule mwanamke alikuwa anampenda Eloy kwelikweli, kwa upumbavu ule ule alionao yeye.

"Arobaini na saba," Honorina alisema taratibu.

"Nini?"

"Nina arobaini na saba. Si hamsini. Ulinitengenezea keki."

Hakuna aliyecheka tena. Honorina alijifuta uso kwa mkono wa blauzi yake ya darizi, akamgeukia mzee Abundio.

"Naipokea," alisema. "Liingizeni. Na huyu asivuke kizingiti changu tena, hata kwa kuleta msumari."

"Honorina," simu iliita kutoka Kaskazini. "Honorina, mimi bado niko hapa."

"Nakuona, Librado. Umekuwa hapo miaka kumi na moja."

Mlango ukafungwa, godoro ndani, Eloy nje. Akabaki uchochoroni katikati ya watu mia tatu. Alivuta pumzi, akatengeneza kola, akamfuata Zenaida kwa sauti ile ya kubembeleza iliyokuwa ikimyeyusha siku zote.

"Mpenzi. Umenikomesha, na nimekoma. Sasa kesho saa sita kanisani, haya mengine tuyamalizie ndani ya ndoa. Umeona mwenyewe, nimekuchagua wewe."

"Alhamisi nilikuuliza, Eloy."

"Najua, ila..."

"Nilikuuliza mara mbili. Ungesema kweli, mimi mjinga ningekusamehe. Ningekufulia hata lile shati. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba ningekusamehe."

"Basi nisamehe leo."

"Leo ulipomtukana yule mwanamke niliiona sura utakayonitazama nayo mimi nikifika arobaini na saba."

Zenaida akapita.

Rufina alimkuta uwanjani, karibu na masufuria. Mama alikuwa amezeeka asubuhi moja.

"Watu mia tatu wanarudi, Zenaida. Mchuzi wa mole umeshaiva, nyama imeshaiva. Nitawaambia wanakula nini? Harusi hakuna, msiba hakuna."

"Waambie wanakula chakula, mama. Kisioze."

"Na wewe?"

"Nipe upawa."

Watu wakaja, kwanza kwa haya, kisha kwa njaa. Bibi mmoja wa mtaa wa juu alinyoosha sahani, akamtazama kwa jicho la matanga.

"Pole, mwanangu."

"Asante, bibi. Paja au kidari?"

"Paja, kama lipo."

Alipakua. Akaja mwingine, pole, asante, paja au kidari. Alipakua sahani ishirini, akapakua hamsini. Kwenye hamsini na kitu mchuzi ukamwagikia meza, na machozi aliyoyabana tangu Alhamisi yakaja yote kwa pamoja, mengi, ya sauti, mbele ya foleni nzima. Watu walishusha macho kwenye sahani zao.

Rufina akasogea nyuma yake. Hakutaja bata mzinga wala umri wa mtu. Alipitisha mkono wake juu ya mkono wa binti yake, akaushika upawa pamoja naye.

"Nani anafuata?" mama aliuliza kwa ukali, kana kwamba foleni ndiyo iliyokosa.

Akasogea anayefuata. Zenaida aliendelea kulia na kupakua, akilia na kupakua, mpaka sufuria la mwisho likakwanguliwa.